Kabati Lisilo na Mgongo

"Miaka yote hii nimeolewa na gogo! Gogo! Nimelipikia gogo, nimelifulia gogo, nimelizalia gogo, na kila nikiliuliza 'una nini?' gogo linaniambia 'mhh'. Kumbe gogo lina mdomo! Kumbe gogo likiingia kabatini linaongea mpaka mate yanakauka!"

Aliyekuwa anafoka hivyo ni mke wa fundi seremala, amesimama katikati ya karakana ya mumewe, nusu ya kichwa imesukwa, nusu nyingine imesimama wima kama imepigwa shoti ya umeme. Shingoni bado ana taulo la saluni. Mkono mmoja umeshika mlango wa kabati la nguo la milango mitatu, na ndani ya kabati, juu ya kigoda, magoti yakigusa kidevu, amekaa fundi mwenyewe. Kavaa miwani. Kashika simu mbele ya uso kama mtu anayejitazama kwenye kioo. Na ndani ya simu kuna mwanamke mwingine.

"Habari za saa hizi, mama," akasema yule wa kwenye simu, kwa sauti laini kabisa.

"Nzuri, mwanangu," mke akajibu, maana adabu ni adabu hata ukiwa unawaka moto. Halafu akamrudia mumewe. "Huyu mtoto wa watu anajua ukilala unaota nini! Mimi ninayelala ubavuni kwako najua unakoroma tu!"

Sasa kabla hujaanza kufikiria vibaya, maana naona umeshaanza, ngoja nikupangie mambo yalivyokuwa. Mimi nina duka la rangi, misumari na vioo, linatazamana na karakana hiyo. Nikiinua macho kutoka kwenye mzani wa misumari, namwona fundi. Akiinua macho kutoka kwenye randa yake, ananiona mimi. Tumetazamana hivyo miaka na miaka, na kama ukiyakusanya maneno yote aliyowahi kuniambia, hayajazi kibakuli cha chumvi.

Mtaani tunamwita Kufuli. Si kwamba ana kiburi, la. Ni mtu mwema, mkono wake hauna ubishi, droo zake zinafunguka kwa kidole kimoja. Ila maneno kwake ni kama jino bovu, hayatoki mpaka yang'olewe. Mteja akiuliza meza itakuwa tayari lini, Kufuli anainua kidole cha shahada. Kidole kikisimama wima, maana yake kesho. Kikilala upande, maana yake bado. Na ukimjia juu kwamba mbona ulisema kesho, anakutazama kwa huruma, maana yeye hakusema kitu.

Mkewe naye Mungu kamuumba upande wa pili. Ni mpishi wa shule, sauti yake imezoea kushindana na masufuria makubwa na watoto mia kadhaa wenye njaa. Nyumbani kwao yeye ndiye redio na mumewe ndiye betri. Na wanapendana, usione hivi. Jioni wakiwa wanarudi pamoja utamsikia mke kuanzia kona ya juu, na ukichungulia utamwona mume pembeni kambebea mkoba, anatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, mhh.

Basi kulikuwa na siku Kufuli alikuwa anapasua mbao kwenye msumeno wa umeme, ule wa mezani wenye meno ya duara. Ubao ulikuwa na msumari wa zamani umejificha ndani. Meno yakakutana na msumari, msumeno ukaguta, ukaurusha ubao nyuma kama kiatu kilichorushwa na mwenye hasira. Na mlangoni, wakati huohuo, alikuwa amesimama binti yake mkubwa, yule anayeuza kwenye duka la dawa. Alikuwa amemletea baba yake miwani aliyoisahau nyumbani.

Ubao ukampita. Ukavunja dirisha la pembeni, ukaenda kulala barabarani mbele ya duka langu.

Mimi nilisikia kishindo tu, binti sikumwona. Nilipovuka, nikamkuta Kufuli peke yake, kavaa miwani, amekaa juu ya rundo la mbao, rangi imemtoka.

"Kulikoni?" nikauliza.

"Jiwe," akasema. "Gari limerusha jiwe."

Nikaangalia vipande vya kioo. Vyote viko nje, barabarani, pamoja na ubao mmoja. "Jiwe limetokea ndani?"

"Mhh."

Nikamuuzia kioo kipya, nikanyamaza. Lakini baba na binti walikuwa wameshapeana ahadi kwamba mama asijue. Na sababu ilikuwepo. Zamani, msumeno ule ulipoletwa, mama aliuzunguka mara mbili akiutazama kama mbwa wa jirani, kisha akasema, "Siku chuma hiki kikimgusa mwanangu hata unywele, nakiuza chakavu, na wewe nakupandisha juu yake kama nyongeza." Ungekuwa wewe, ungeenda kumwambia?

Kuanzia hapo Kufuli akaacha msumeno wa umeme. Akawa anakata kwa mkono. Wateja wakimuuliza, anasema umeme hauna nguvu. Umeme una nguvu, saluni ya pembeni inakausha nywele za watu watatu kwa pamoja, yeye wake eti hauna nguvu! Kazi zikaanza kulala. Mwenye meza akaenda kwingine, mwenye vitanda akaenda kwingine. Na mimi kutoka dukani nikawa namwona: anausogelea msumeno, ananyoosha kidole kilekile cha kesho na bado, anakipeleka kwenye swichi. Kidole kinafika karibu. Kidole kinarudi. Anajifuta jasho, anachukua msumeno wa mkono.

Kilichokuwa hatarini ni karakana yenyewe, uelewe hivyo. Seremala asiyeweza kuwasha msumeno ni kama mpishi anayeogopa moto. Angevumilia msimu mmoja, miwili, halafu angefunga.

Binti ndiye aliyechoka kungoja. Siku moja wakaja wote wawili dukani kwangu kununua gundi, na mbele yangu, bila haya, akaanza.

"Baba, pale kazini kuna tangazo. Washauri wa mambo ya akili, unaongea nao kwa simu. Hata kuonana uso kwa uso, kwa video."

"Mimi si mwendawazimu."

"Nani kasema? Unaumwa jino unaenda kwa daktari wa meno, hatusemi umekuwa meno."

Kufuli akafikiria. Akaitazama gundi.

"Baba, ni kuongea tu."

"Hiyo ndiyo shida yenyewe," akasema baba yake.

Mimi nikajifanya natafuta chenji. Mwishowe binti akampa sharti dogo: jaribu mara moja, ukishindwa, mimi mwenyewe nitamwambia mama. Hapo Kufuli akainua kidole. Kikasimama wima.

Mara ya kwanza, binti alinisimulia baadaye, mzee alishika simu chini kabisa, kwa hiyo mshauri akawa anaona pua na dari.

"Baba, nafurahi kukuona," akasema mshauri. "Ila sasa hivi naona dari."

"Hiyo dari nimeipiga mwenyewe," akajibu Kufuli kwa fahari, na hapo mazungumzo yakakwama, kila mmoja akaitazama dari.

Lakini shida kubwa haikuwa dari, ilikuwa pa kukaa. Yule mshauri alisema tafuta mahali penye faragha, usipoingiliwa. Faragha! Nyumbani kwao sebule ni ya mama mkwe, na mama mkwe masikio yake yana afya kuliko magoti yake. Vyumba vina watoto. Akajaribu chooni, wakagonga. Akajaribu karakana, nyuma ya rundo la mbao, akaja mteja akasimama juu ya kichwa chake na kumuuliza bei ya kitanda, mshauri akasubiri mpaka wakaelewana. Ndipo macho yake yakaangukia kwenye lile kabati.

Lilikuwa kabati la bwana mmoja ambaye nyumba yake ilikuwa haiishi kujengwa. Kila mwezi anasema bado plasta, bado dari, bado mlango, nalo kabati limekaa karakanani linangoja, milango mitatu, limesukumwa mpaka ukutani lisizibe njia. Kufuli akaingia, akajaribu. Pana kigoda, pana blanketi alilotundika nyuma apate kuegemea, ukifunga mlango mmoja na kuacha upenyo mdogo unapata mwanga wa kutosha. Hakuna anayekuona. Kimya kama mbinguni.

"Uko mahali salama leo, baba?" mshauri akauliza.

"Niko kabatini."

"Kabatini... unamaanisha unajisikia umefungiwa?"

"Hapana. Kabati. La nguo."

Dada wa watu akasema sawa, kama hapo ndipo unapojisikia huru, basi ni pazuri. Na kweli, mle gizani, Kufuli akafunguka. Hata mimi sijui ni giza, au harufu ya mbao, au ni kwa sababu anayemsikiliza yuko mbali na hatakutana naye sokoni. Alifunguka. Binti alimpa hedifoni, akazikataa. Alisema ukizitia masikioni unaona kama unaongea na shetani wako mwenyewe. Akaweka sauti ya simu juu kabisa.

Sasa hapa nikueleze jambo la kiseremala, ni fupi. Kabati kubwa likibebwa hujinyonga. Linapanda ngazi, linapita mlangoni kwa ubavu, linavutwa huku na huku. Kama mgongo wake, yaani ile plaiwudi ya nyuma, umeshapigwa misumari, utachanika njiani. Kwa hiyo kabati huondoka karakanani bila mgongo. Mgongo fundi huubeba mwenyewe, anaupigia kwa mteja, kabati likishasimama mahali pake. Kila seremala anajua. Kufuli ndiye aliyewafundisha wenzake.

Na ndiye aliyeingia kwenye kabati hilo, akafunga mlango mbele, akaamini kwamba amejificha.

Kinyozi hajinyoi, bwana. Nyuma yake kulikuwa na blanketi, na nyuma ya blanketi hakuna kitu, na nyuma ya hakuna kitu kuna ukuta wa mbao nyembamba wenye nyufa za kupitisha kidole. Na upande wa pili wa ukuta huo ni saluni.

Siku ya kwanza mimi nilikuwa humo, kichwa kiko mikononi mwa msusi. Tulikuwa wanawake sita, tunacheka mambo yetu, mara ukuta ukasema, "Tangu siku ile, daktari, mkono wangu haunitii."

Msusi akasimamisha kitana. "Nani huyo?"

"Kufuli," nikasema.

"Kufuli gani? Kufuli haongei!"

Tukacheka. Naam, tulicheka, mmoja akaziba mdomo kwa taulo. Halafu ukuta ukaendelea. Akasema huota ubao uleule kila usiku, ila kwenye ndoto haumpiti binti. Akasema anaamka, anakwenda kusimama mlangoni kwa chumba cha binti mpaka asikie anapumua, na aliyelala humo ni mtu mzima, ana kazi, anakaribia kuolewa, na baba yake amesimama mlangoni kama askari wa zamu. Sauti yake ikakatika. Ikawa tunasikia pumzi tu.

Hakuna aliyecheka tena. Msusi alikuwa amekishikilia kitana changu hewani. Ni mwanamke mnene mwenye vidole vyepesi, na nilikuwa sijawahi kumwona vidole vimesimama.

Yule mshauri akamwambia, "Sina haraka, baba. Vuta pumzi kwa pua. Ishikilie kidogo. Itoe taratibu kwa mdomo." Na pale saluni, nakuapia, wanawake sita tukavuta pumzi kwa pua.

Alipomaliza, msusi alisimama katikati ya chumba na mkasi. "Sikilizeni. Atakayetoka humu na neno hata moja, siku atakayokaa kwenye kiti changu namnyoa upara."

Utauliza mbona hatukumwambia. Ningemwambiaje? Ukimwambia mtu kama yule kwamba umemsikia, umelifunga kufuli na funguo umezitupa kisimani. Tulikubaliana bora asikike bila kujua kuliko asiseme kabisa. Na Jumanne, siku yake ya kuongea na mshauri, ikawa siku iliyojaa kuliko zote pale saluni. Watu waliokuwa wanasuka mara moja kwa msimu wakawa wanafumua nywele nzima wasuke upya. Ikifika saa ya Kufuli, redio inazimwa, vikaushio vinazimwa, mtu anakaa na kichwa chake kibichi, anangoja. Wengine walikuja kwa umbea, siwafichi, lakini wengi walibaki kwa lile la pumzi. Kuna mama mmoja, muuza mitumba, aliniambia amelitumia kwa mkwe wake na nyumba imetulia.

Mshauri alikuwa anampa kazi za nyumbani. Wiki ya kwanza, simama karibu na msumeno, usiuguse. Wiki iliyofuata, uguse, haujachomekwa. Halafu uchomeke, usiuwashe. Sisi tulikuwa tunajua ratiba kuliko yeye. Msusi akisikia nyayo zinaelekea kwenye msumeno anainua mkono, chumba kizima kimya, na tunangoja. Kimya. Nyayo zinarudi. "Bado," msusi ananong'ona, "leo kachomeka lakini."

Basi siku moja, mchana mkavu, hata Jumanne haikuwa, tukausikia. Vruuum! Kidogo tu, kama mbwa aliyekohoa, ukazimika. Lakini ulikuwa wenyewe. Saluni nzima ikapiga vigelegele! Msusi akarusha kitana juu, mama wa mitumba akaruka na rola zake kichwani.

Kufuli akatoka nje mbio, akaangalia juu na chini ya barabara. Akavuka mpaka dukani kwangu, maana nilikuwa nimetoka saluni kwa mlango wa nyuma nikawahi kurudi.

"Nani anaolewa?" akaniuliza.

Maneno mawili kwa mpigo, na ni yeye aliyeanza! Nikajua tiba inafanya kazi.

"Sijui," nikamwambia, "labda kuna aliyepata mchumba."

Mambo yangekwenda hivyo mpaka mwisho, kama si mdogo wake mke wa Kufuli kusafiri. Huyo mdogo mtu ndiye humsuka dada yake, nyumbani, miaka yote. Safari hii hayupo, na shuleni kuna wageni wanakuja, mpishi hawezi kukaa na kichwa kama kiota. Akaja saluni. Siku gani? Jumanne. Saa ngapi? Usiniulize.

Msusi alimwona mlangoni, akanitazama mimi, mimi nikatazama ukuta.

"Wifi, leo nimejaa," msusi akasema.

"Umejaa wapi? Kiti hiki hapa kinanitazama." Akakaa.

Kilichofuata ni vita. Msusi akafungulia redio mpaka mwisho. Akawasha vikaushio vyote vitatu, viwili havina watu. Mama wa mitumba akaanza hadithi ya mkwe wake kwa sauti ya kuuza nguo za mnada. Mke wa Kufuli akawa anashangaa, "Humu mnafanya kazi kwenye kelele namna hii?" na msusi anamsuka kwa kasi ambayo sijawahi kuiona, mistari inatoka kichwani kama cherehani. Akafika nusu.

Umeme ukakatika.

Redio, kimya. Vikaushio, kimya. Mama wa mitumba akabaki na mdomo wazi. Na ukuta, kwa utulivu wote, kwa sauti ambayo kuna mwanamke mmoja tu duniani anaijua vizuri ikiwa inakoroma, ukasema:

"Mke wangu sijamwambia, wala hajui ndoto ninazoota. Binti alikuwa amesimama pale mlangoni, daktari. Kanishikia miwani. Ubao ukapita hapa, karibu na sikio. Namwambiaje mama yake?"

Mke wa Kufuli hakupiga kelele. Aliinuka taratibu, kitana kimemning'inia, akatoka. Sisi wote tukakimbilia kwenye nyufa.

Na ndipo tulipoanzia.

"Baba," mshauri akasema kwenye simu, mke alipokuwa anavuta hewa ya kuanza upya, "unapenda tuendelee, au tuachie hapa leo?"

Kufuli akafungua mdomo, mke akawahi. "Aendelee! Kwani mimi nimemzuia? Mwanangu, wewe sina ugomvi nawe, umefanya kazi ngumu, mimi nimeshindwa miaka yote. Ila niambie, huyu amekwambia nini kingine?"

"Mama, maneno ni yake mwenyewe. Mimi siwezi kuyatoa."

"Yake mwenyewe? Saluni nzima wanayo!"

"Saluni?" akasema Kufuli.

Ndilo neno lake la kwanza. Akageuka kwenye kigoda. Akanyoosha mkono kwenye blanketi, polepole, kama anaugusa ule msumeno. Mkono ukazama. Akalifunua blanketi. Akauona ukuta wa mbao, akauona ufa, na kwenye ufa akaliona jicho la msusi.

"Shikamoo, fundi," jicho likasema.

Kufuli akabaki analitazama. "Mgongo," akasema. "Sijapiga mgongo."

Nilidhani atakufa kwa aibu. Nilimwona alivyoshusha simu mapajani, mshauri sasa anaangalia dari ya kabati. Na mkewe akawa anaendelea, gogo hivi, gogo vile, mpaka akaishiwa, na alipoishiwa akauliza jambo dogo, kwa sauti ambayo watoto wa shule hawajawahi kuisikia.

"Ulipita umbali gani?"

Kufuli akainua mkono. Akaacha nafasi kati ya kidole gumba na cha shahada. Nafasi yenyewe haikutosha kupitisha mche wa sabuni.

Mke akaangalia vile vidole. Akakaa kwenye sakafu ya kabati, miguu nje, taulo shingoni. Upande wa pili wa ukuta mtu akavuta pumzi kwa pua, akaishikilia, na wengine tukafuata, hatukuwa na la kufanya.

"Na mtoto akaniambia ameumwa kichwa siku hiyo," akasema. "Nikampikia uji. Nikamwambia aache kuangalia simu sana." Akacheka, halafu hakucheka. "Ningeuuza ule msumeno kweli, unajua. Ningeuuza siku ileile."

"Najua," akasema Kufuli.

"Na wewe ningekupandisha juu yake."

"Najua."

"Kwa hiyo ukanyamaza."

"Mhh."

"Usiniambie mhh! Mwenzio huyu wa kwenye simu unamwambia kurasa nzima, mimi unanipa mhh?"

Hapo Kufuli akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Neno lilikuwa linakuja, nakuapia, lilikuwa limeshafika kwenye meno. Na msusi alikuwa amenishika mkono mpaka damu imesimama.

"Fundi! Hodi! Fundi!"

Alikuwa bwana mwenye kabati, mlangoni, anatabasamu mpaka magego, nyuma yake vijana wa mkokoteni. "Fundi, nyumba imeisha! Nimekuja kuchukua mzigo wangu!"

"Leo?" ukuta ukalalamika. "Nyumba imeisha leo?"

Yule bwana akatazama ukuta, akatazama mwanamke mwenye nusu kichwa amekaa kwenye kabati lake, akatazama fundi ndani. "Au nirudi baadaye?"

Kufuli akainuka. Akainama kwenye simu, akamwambia mshauri asante, wiki ijayo, akaizima. Akamshika mkewe mkono, akamwinua. Akatoa kigoda. Akakunja blanketi. Vijana wakalisukuma kabati, likatoka ukutani likilalamika, likapita mlangoni kwa ubavu, wakalilaza kwenye mkokoteni. Mahali lilipokuwa pakabaki peupe, unga wa mbao na alama ya miguu ya kabati, na ukuta wenye macho sita.

Mke akawa amesimama hapo peupe, anapaangalia.

"Sasa wiki ijayo utaongelea wapi?" akauliza.

Kufuli alikuwa anainua ule mgongo, plaiwudi nzima, pana kuliko mlango. Nyundo kiunoni, misumari mfukoni.

"Sikiliza, baba watoto. Nitampeleka mama kwa mdogo wangu, atakuwa amesharudi safari. Watoto nitawatafutia pa kwenda. Chumba chetu kina mlango, kina kitasa, kina ukuta wa matofali. Ongea humo. Ongea mpaka uchoke." Akavuta lile taulo shingoni. "Lakini uniambie kitu kimoja. Mimi nikae ndani, au nikae nje?"

Fundi akasimama kizingitini. Barabara nzima ikasimama naye, mimi nimeshika fremu ya dirisha la karakana, lile la kioo nilichomuuzia, msusi na wasukwaji wamemwagika nje. Tulikuwa tunangojea kidole. Hata kidole tu, kiwe wima au kilale. Lakini mikono yote miwili ilikuwa imejaa plaiwudi.

Mkokoteni ukaanza kutembea, naye akaufuata.

"Ndani, au nje?" mkewe akamwita.

Ubao ulikuwa umemfunika kuanzia kichwa mpaka magotini. Tuliiona miguu yake tu, viatu vyenye vumbi la mbao, inakwenda bila haraka, mpaka kwenye kona, na kwenye kona ikakata.